MikroTik hEX: ruta ndogo inayotosha ofisi na ghala lake

Kwa anayeunganisha ofisi na ghala, kisanduku hiki kutoka Latvia kinatosha kabisa. Kina milango 5 ya gigabiti, na njia unaziandika mwenyewe: mtandao wa ghala, 192.168.20.0/24, upitie 10.0.0.2, yaani anwani ya ruta ya ghalani, basi. Kamera za ghalani nazifungua nikiwa mezani kwangu, bila OSPF, ile itifaki ya ruta kupashana njia zenyewe. Ila ruta ya pili, ile ya ghalani, nayo iandikie njia ya kurudi, la sivyo maombi yatafika na majibu hutayaona.

Ninachokipenda zaidi ni ukaguzi wa geti (kifaa cha jirani ambacho njia inapitia) kwa pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama kipo: kila sekunde 10 ruta inauliza, ikikosa jibu mara 2 inahamia njia ya akiba uliyoipa distansi kubwa (namba ya kipaumbele; yenye ndogo hutangulia). Hilo limenipa usingizi. Wi-Fi hakina, nunua kando.