Fundi umeme aliyeniambia nikapike

Nina Land Rover 109, Series III. Inanibebea madumu ya asali kutoka Sikonge mpaka Tabora mjini, na miaka yote hiyo haijaniangusha njiani. Kiangazi hiki ikaanza vituko. Nikipiga stata, injini inajivuta, taa zinafifia, na waya wa choki, ule unaovutwa kwa mkono kuwasha injini ya baridi, unapata moto mpaka unafuka moshi.

Waya wa choki! Mwenye gari la zamani anajua maana yake. Ule waya wa ethi uliosukwa, unaounganisha injini na chesisi, ukioza, umeme wa stata unakosa njia ya kurudi kwenye betri. Basi unajipitishia popote penye chuma, hata kwenye kile kiwaya chembamba cha choki. Nikamweleza hivyo fundi umeme mmoja anayesifiwa sana hapa mjini. Jina silitaji.

Shikamoo alinipa, tena vizuri. Kisha akawageukia vijana wake, akacheka: "Mama, wewe kapike, umeme niachie mimi." Mbele ya watu! Mimi niliyeshika spana yeye hajaota meno.

Mita ilikuwa inaning'inia ukutani, hakuigusa. Angeweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kijana apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu, kwisha habari. Yeye akafungua altaneta, ile inayochaji betri, akanifungia nyingine kwa hela ndefu, akasema na betri imekufa. Betri inayosoma volti 12.6, yaani imejaa chaji, gari likiwa limezimwa, imekufa wapi?

Haki yake nimpe. Nyaya za taa za nyuma zilikuwa zimefungwafungwa kwa nailoni, akazipanga upya kwa usafi ambao sijauona kwa fundi mwingine Tabora. Nilikuwa nataka niwaambie mpelekeeni kazi za taa.

Lakini jioni ile ile, nawasha nirudi Isevya, choki ikafuka tena. Kesho yake nikalala chini ya gari mwenyewe, nikapiga msasa chesisi ikang'aa, nikafunga waya mpya wa ethi. Stata ikazunguka hadi majirani wakatoka nje.

Nikamrudishia altaneta yake, akaikataa: "Mama, kitu kikishafungwa hakirudi. Shukuru linawaka."

Basi hata taa msimpelekee! Na ile altaneta yangu nzima aliyoivua, mpaka leo hajanipa, sijui keshamfungia nani.