Mulatu of Ethiopia: albamu niliyopewa na jamaa wa kazini

Jamaa wa kazini kanitumia hii albamu ya mwanamuziki wa Ethiopia, Mulatu Astatke, ya mwaka 1972, eti niache kidogo amapiano, mi nikajua ni zile za wazee za kusinzia. Kumbe mzee katisha! Ni Ethio-jazz, yaani skeli za noti tano za Kihabeshi amezichanganya na jazi pamoja na midundo ya Kilatini, na ilirekodiwa New York kabisa. Ngoma ya kwanza inaitwa Mulatu, hiyo weka hedifoni, sikiliza gita linavyolia wa-wa huku vibrafoni (ile ala ya vibao vya chuma vya kugonga) inadondoka juu yake taratibu, halafu saksafoni inakuja na ka-melodi kama ka huzuni hivi lakini besi haikuachi ukae kimya, kichwa kinatikisika chenyewe. Dewel nayo kali. Za katikati kwangu zinafanana fanana, na kama we ni mtu wa mashairi utaboreka maana hamna anayeimba. Spika ya simu usijaribu, besi yote inapotea. Nyimbo saba tu, fupi, foleni ya Mwenge haijaisha ishaisha yenyewe. Nane kwa kumi.