Kidonge chenye kamera au mpira: kipi kinafaa kusaka saratani ya tumbo?

Korea Kusini huwapima watu saratani ya tumbo kwa mpira wa endoskopi (mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni) kila baada ya miaka 2, kuanzia umri wa miaka 40. Huko China kuna njia nyingine: kidonge chenye kamera kinachoongozwa kwa sumaku.

Kwa raha, kidonge kinashinda waziwazi. Unafunga kula tangu usiku, unakunywa dawa ya kuondoa povu na maji mengi ili tumbo litanuke, unakimeza, kisha unalala huku mkono wa sumaku ukikigeuza huku na huku. Hakuna kutapishwa na mpira kooni wala sindano ya usingizi, na baadaye kinatoka chooni chenyewe. Ila mwenye kifaa cha umeme cha moyo, au ambaye utumbo wake umebana mahali, asikimeze.

Lakini kidonge hutazama tu. Daktari akiona doa la kutia shaka hawezi kukata kinyama cha kupeleka maabara, na bila kinyama hicho saratani haithibitiki. Utarudi kwenye mpira vilevile. Mpira huosha ute, hukata kinyama papo hapo, na hata uvimbe mchanga huweza kuondolewa nao bila kupasuliwa tumbo.

Anayepungua uzito au kupata choo cheusi aende moja kwa moja kwenye mpira. Kidonge namwachia asiye na dalili ambaye, kwa kuuogopa mpira, asingepimwa kabisa.