Ekzosi na kabureta kwa pikipiki ya Dodoma: anza na kipi, kipi uachane nacho

Kila mara naulizwa ekzosi gani inaongeza spidi. Huwa najibu kwa swali: plagi yako ina rangi gani? Wengi hawajawahi kuitazama. Hapo ndipo hela za vijana wa mji huu zinapopotelea, maana mtu anakimbilia pa kutolea moshi wakati shida iko pa kuvutia hewa na mafuta.

Ninaowaandikia ni wenye pikipiki za kabureta tunazopanda kila siku: Boxer, TVS HLX, na zile za Kichina za CC 125 zenye injini ya mtindo wa Honda CG, yaani SanLG, Fekon, Kinglion na ndugu zao. Yako ikiwa ni ya injeksheni, isiyo na kabureta, mambo ya jeti (kile kijipande chenye tundu kinachopimia mafuta ndani ya kabureta; namba kubwa, tundu kubwa) hayakuhusu.

Kitu cha kwanza kukumbuka ni mahali tulipo. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta haijui kwamba imehama Kariakoo. Inamwaga mafuta karibu yaleyale huku hewa imepungua, kwa hiyo pikipiki nyingi hapa zinakula wese kuliko inavyotakiwa na plagi zinashika masizi. Ndiyo maana mpangilio wangu haufanani na wa video za watu wanaoishi pwani.

Namba moja: jeti, chujio na servisi ya kweli

Najua hii haina kelele wala haionekani ukiegesha Nyerere Square. Lakini kwa shilingi unayotoa, hakuna kinachoikaribia.

Kabla hujanunua chochote, mwambie fundi apime nafasi ya valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) injini ikiwa imepoa. Kwa injini za mtindo wa CG nafasi ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Kwa Boxer na TVS fuata kitabu chake. Nimeona pikipiki iliyosemwa "kabureta imekufa" ikapona kwa spana moja, bisibisi na fila geji (vibati vya kupimia nafasi), mwenyewe amesimama pembeni na kabureta mpya kwenye mfuko wa rambo.

Kisha nunua plagi mpya, chujio la hewa linalolingana na boksi lake la kiwandani, kichujio kidogo cha petroli, na jeti kuu mbili au tatu za namba zinazofuatana. Kichujio cha petroli usikidharau ikiwa unapita Bahi au Mvumi na kujaza petroli ya chupa barabarani. Kuhusu jeti, fungua ile ya zamani uende nayo dukani. Jeti za mtindo wa Keihin na za Mikuni hazilingani nyuzi, na hata namba zake hazihesabiwi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo "nipe mia na mbili" peke yake haitoshi. Angalia tundu kwenye mwanga: liwe duara safi. Jeti iliyowahi kuzibuliwa kwa waya wa chuma au sindano ya kushonea tayari imetanuka, na namba iliyogongwa juu yake ni uongo. Tumia upepo wa kompresa, au uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme.

Namna ya kujua umepatia: funga plagi mpya, tafuta barabara tupu asubuhi, vuta mafuta yote kwa kilomita moja au mbili ukiwa gia ya juu, kisha zima kwa swichi na ushike klachi papo hapo. Usiiache iungurume kwanza. Fungua plagi. Rangi ya biskuti au chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, shusha namba ya jeti. Ikipauka kama majivu, pandisha haraka, maana hapo injini inachemka na pistoni iko hatarini. Kwa pikipiki ambayo haijaguswa ekzosi, hapa Dodoma mara nyingi utajikuta unashusha.

Ila usibane sana. Ukienda Iringa unashuka hadi Mtera, karibu mita 700, halafu unapanda mlima wa Nyang'oro mpaka Iringa mjini kwenye zaidi ya mita 1,500. Jeti moja inatakiwa ikuvushe kote huko, hivyo bakiza mafuta kidogo ya ziada kuliko kuyanyima. Joto la Mtera saa nane mchana halitanii.

Namba mbili: kabureta mpya ya saizi ileile

Vumbi la kiangazi cha huku linakula slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta. Ishara yake ni mzunguko usiotulia pikipiki ikiunguruma bila kuvutwa mafuta: asubuhi inazima, mchana inapaa yenyewe, fundi anakaza skrubu ya hewa leo na kesho unarudi. Ukitikisa slaidi kwa kidole ikacheza ndani ya nyumba yake, acha kuhangaika na jeti. Nunua nyingine ya saizi ileile iliyokuja na pikipiki.

Dukani ipime hapohapo, muuzaji akinuna mwache anune. Inua slaidi na uiachie: ishuke yenyewe bila kukwama. Puliza kwa mdomo pale bomba la petroli linapoingia, kabureta ikiwa imesimama kawaida, hewa ipite. Ipindue juu chini upulize tena. Sasa hewa izibe kabisa, kwa sababu floti (boya la ndani) imeisukuma sindano yake inayofunga petroli. Ikipitisha hata kidogo, itakuwa inamwaga petroli kila usiku ukiwa umelala. Tazama na koo lake: mikwaruzo na chembe za chuma ni dalili ya kitu kilichomiminwa bila kusafishwa.

Maandishi ya Mikuni au Keihin juu ya bodi yasikutishe wala kukufurahisha. Kopi zimejaa. Mimi naona afadhali kopi isiyo na jina iliyopita vipimo hivyo viwili kuliko yenye jina kubwa na floti inayovuja.

Namba tatu: ekzosi nzima yenye sailensa ya kweli

Hapa nina kovu langu. Mwaka juzi nilinunua ekzosi fupi nene katika duka moja la mjini, nikaifunga mwenyewe uani. Kuunguruma iliunguruma. Jumamosi yake nikapakia kreti nne za zabibu kutoka Mpunguzi, na kilima nilichozoea kupanda kwa gia ya tatu nikakipanda kwa ya pili, pikipiki ikipiga baruti kila nikiachia mafuta. Abiria wa bodaboda aliyenipita alinicheka waziwazi.

Nikaipeleka kwa fundi wangu Chang'ombe ya hukuhuku Dodoma.

"Mbukwa, bosi. Naona umekuja na tarumbeta."

"Fundi, haivuti kabisa. Na jeti nimeshapandisha namba nne, kama walivyosema kwenye video."

Akafungua plagi, akainusa, akanionyesha: nyeusi tii. Halafu akaweka kiganja karibu na shingo ya ekzosi pale inapoungana na silinda, injini ikiwa ndio kwanza imewashwa, bado ya baridi. "Hapa inapumua. Gasketi ya zamani umeirudishia, si ndiyo? Na hizo namba nne ni za kwao, kaka. Huku hewa yenyewe nyepesi, mafuta yalishazidi toka kiwandani."

Akafunga gasketi mpya, bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana, na kushusha jeti ikabaki namba moja tu juu ya ile ya kiwandani. Baruti zikaisha. Nguvu ya chini haikurudi yote, na haikurudi kwa sababu ya umbo la ekzosi yenyewe. Injini ndogo inategemea moshi utoke kwa kasi ndani ya bomba jembamba; ile kasi ndiyo inayosaidia kuvuta moshi uliobaki kwenye silinda. Bomba likiwa fupi na pana, kasi inapotea kwenye mizunguko ya chini, na sisi tunaobeba abiria na mizigo muda mwingi tuko hukohuko chini. Faida yake, kama ipo, inaonekana juu kabisa, mahali ambapo barabara ya kwenda Mtumba haikuruhusu kukaa.

Kwa hiyo ukitaka kununua ekzosi, nunua yenye shingo ndefu, unene wake ukaribiane na wa kiwandani, na ndani iwe na bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Chomeka kidole mdomoni mwake: ukipitisha mpaka mwisho bila kugusa matundu wala kizuizi chochote, hiyo ni bomba la maji. Shikilia kiungio cha shingo kwenye mwanga uone kama uchomeleaji umeingia ndani na kuziba njia. Hesabu vishikio vyake, viwe viwili, la sivyo mashimo ya barabara ya vumbi yataikata ndani ya mvua moja. Ya stenlesi ikikushinda bei, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya joto kinatosha. Kromu ya bei rahisi huanza kumenyuka mapema.

Na ngao ya joto usiiache dukani. Nusu ya akina mama ninaowafahamu wana alama ya ekzosi ya bodaboda kwenye shavu la mguu.

Kelele nayo ina mwenyewe. Kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kuna kanuni za mazingira za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na kuna trafiki aliyesimama juani tangu saa moja asubuhi akisubiri tarumbeta kama yangu.

Namba nne: kabureta kubwa

PZ30, PE28 na nyinginezo. Kwanza ujue namba ya PZ inapima mdomo wa upande wa injini. Koo lenyewe ni jembamba zaidi, wakati PE namba inapima koo. Kwa hiyo PE28 si ndogo kuliko PZ30 kama namba zinavyoonyesha. PZ30 ina pampu ndogo inayorusha mafuta ukivuta ghafla, na watu huipenda kwa msisimko huo. Kwenye injini ya CC 125 ambayo kamshafti (shafti inayofungua valvu) na valvu ni za kiwandani, utapata msisimko, utapoteza ulaini wa chini, na petroli italiwa. Ninunue lini? Baada ya kupanua silinda na kubadili kamshafti, si kabla. Ikiwa unafanya bodaboda, ruka sehemu hii.

Namba tano, ambayo sikushauri: kutoboa ekzosi na kufunga chujio la koni

Kwa fundi wa kuchomelea wanakata matumbo ya ekzosi ya kiwandani kwa bei ya soda chache. Chujio la koni nalo linapendeza machoni. Lakini liweke wazi chini ya tangi, kwenye vumbi la Nkuhungu mwezi wa Septemba, uone ringi za pistoni zitakaa muda gani. Moshi wa bluu ukianza utakumbuka boksi la hewa ulilotupa.

Kuna kimoja ambacho hakimo kwenye orodha ila kinawafaa wabeba mizigo kuliko hivi vyote: spoketi (gurudumu la meno la cheni) ya mbele iliyopungua jino moja. Kutoka meno 14 kwenda 13 unaongeza mvuto kwa karibu asilimia 8, na unapunguza spidi ya juu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna kugusa jeti, hakuna kelele, na cheni unaikaza kidogo tu.

Ukiamua ekzosi mpya hata hivyo, ile ya kiwandani usimpe fundi aiuze. Mnunuzi wa pikipiki ataiulizia, na trafiki akikukamata ndiyo utakayoirudishia. Yangu niliifunga kwenye kiroba ikakaa chini ya kitanda miezi minne, mpaka msimu wa zabibu uliofuata.