Jiko la makaa la Langoni, baada ya mwaka mmoja
Nililinunua Langoni, hapa Lamu: bati nje, udongo wa kuchoma ndani. Makaa hayaliwi haraka kama kwenye jiko langu la zamani la bati tupu. Maharagwe ya nazi yakishaiva, makaa yaliyobaki napalia wali juu ya mfuniko. Gesi itapalia nini? Ila kwa chai ya alfajiri nawasha gesi, sina muda wa kupepea. Kuni zinanitia masizi sufuria zote.

Udongo ulipasuka mwezi wa nane, nikauziba kwa saruji. Kusi ilipovuma, mwanangu akataka tuliingize chumbani tuote moto. Nikamkatalia: makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Avae sweta.