Kurudi kwa wazazi au kuhamia chumba kidogo ili ununue nyumba ya kwanza?

Kwa fedha, kurudi kwa wazazi kunashinda waziwazi. Kama kodi inakula asilimia 30 ya mapato yako, ukiiweka yote akiba kwa miezi 24 utakuwa na zaidi ya mapato ya miezi 7. Hicho ni kianzio cha maana. Chumba kidogo huokoa tofauti ya kodi tu, na kuhama kwenyewe kuna gharama.

Uhakika wa kuitunza akiba hiyo ni jambo jingine. Kwa wazazi, fedha hiyo huyeyuka upesi kwenye mahitaji ya familia, hivyo ihamishe siku ileile ya mshahara. Kwenye chumba chako unapanga matumizi mwenyewe, na ndoa changa inapata nafasi ya kupumua.

Uko peke yako na mnaelewana na wazazi? Rudi. Una mwenza, au kwenu ni mbali na kazini? Chumba kidogo kitakufaa, hata ukichelewa kununua.