Ikoni za Ukraine: kioo au ubao?

Kwa Wahutsul wa milima ya Karpati na jirani zao wa Pokuttia na Bukovyna, ikoni (picha takatifu za Kikristo) za kioo zilishamiri karne ya 19. Za ubao ni kongwe zaidi.

Kioo huchorwa kwa nyuma, na ugumu wote uko hapo. Kisafishe kwa spiriti, kwani mafuta ya vidole hufanya rangi ibanduke. Weka mchoro chini yake, fuatisha mistari kwa rangi nyeusi, acha ikauke. Kisha weka mboni za macho, mikunjo ya nguo na maua. Halafu ngozi na mavazi. Mandhari ya nyuma mwisho kabisa. Ukitangulia kupaka uso mzima, macho hayataonekana tena. Mchoro nao ugeuzwe mapema, la sivyo Adamu na Hawa watabadilishana nafasi na maandishi yatasomeka kinyumenyume.

Ubao unataka subira: mti wa linden, kitambaa kilichobandikwa juu yake, kisha tabaka nyembamba 8 hadi 10 za chaki na gundi ya wanyama, kila moja ikauke kwanza. Gundi ikizidi, tabaka hupasuka. Ikipungua, hugeuka unga. Rangi huchanganywa na kiini cha yai, na kosa hufunikwa tu kwa rangi nyingine.

Hata hivyo, kwa anayeanza, kioo si kigumu kama ubao, na wekundu wake hung'aa zaidi. Ila usikitundike kwenye ukuta wenye unyevu: rangi itabanduka vipandevipande. Ubao hapo hupinda, lakini picha mara nyingi hutengenezeka.